Jiwe la Kumi na Nane

Saa moja na robo asubuhi ya Jumatatu, Mkaguzi wa Polisi, Bi Mwamini Shomari, alikuwa amekwisha kuyapanga mawe yote kumi na manane juu ya meza mbili za maabara, katika Shule ya Sekondari ya Wasichana Vigongoni, Kisarawe, na hakuwa amemwuliza mtu yeyote swali hata moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake ya kazi: vitu huhojiwa kabla ya watu, kwa kuwa vitu havijui kubadilisha maneno.

Mkuu wa shule, Bi Stellamaris, alisimama mlangoni huku amekunja mikono kifuani.

"Bodi inakutana saa tisa alasiri, Mkaguzi. Ajenda ni moja tu. Msichana afukuzwe, kisha mmchukue nyinyi."

"Ikiwa ameiba."

"Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye. Yeye peke yake."

Mkaguzi aliinama juu ya meza.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi, siku tisa zilizopita, wanafunzi ishirini wa chama cha jiografia walikwenda ufukweni mwa Ziwa Mkengeni, ng'ambo ya Magindu, wakiwa na kibali cha kukusanya visukuku. Nchi ile leo ni ya mahindi na ng'ombe, lakini zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita ilikuwa chini ya bahari, na viumbe wa bahari hiyo wamesalia ndani ya mawe. Wasichana walirudi na vipande kumi na vinane. Kile cha kumi na nane kilikuwa fahari ya safari nzima: amonaiti, mnyama wa jamii ya pweza na ngisi, aliyeishi ndani ya gamba lililojizungusha kama kamba ya kisima, naye alikuwa mpana kama sinia. Ijumaa mtaalamu wa mambo ya kale alifika kutoka Dar es Salaam kuvipokea vipande hivyo. Alikifungua kifurushi cha kumi na nane mbele ya walimu wote. Ndani mlikuwa na jiwe la kawaida, lisilo na mnyama wala alama.

Aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo tangu siku ya safari alikuwa Firdausi, kiongozi wa chama, mwanafunzi wa Kidato cha Sita. Mtihani wa taifa ulibakiza wiki tatu. Kama angefukuzwa leo, asingekuwa na mahali pa kuufanyia.

Mkaguzi Mwamini aliyachukua magazeti yaliyofungiwa mawe, moja baada ya jingine. Kumi na saba yalikuwa magumu, yamekakamaa kama maganda ya mti, nayo maandishi yake yalikuwa yamejichapa kinyumenyume juu ya mawe. La kumi na nane lilikuwa laini. Mikunjo yake ilikuwa imenyooka kama ya gazeti lililotoka dukani.

Kisha akaligeuza lile jiwe la uongo. Lilikuwa la kijivu, na lilikuwa limesuguliwa kwa bidii. Hata hivyo, katika vitundu vyake vya upande mmoja mlikuwa na unga mweupe, na katika vitundu vya upande wa pili mlikuwa na udongo mweusi ulioganda. Pale pande mbili zilipokutana palikuwa na mstari, umelizunguka jiwe kama mshipi.

"Niitie msichana," alisema.

Firdausi aliingia taratibu. Alikuwa mrefu, macho yamemvimba, lakini sare yake ilikuwa imepigwa pasi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Keti. Nieleze jinsi mlivyofunga mawe."

"Jiwe tunaliosha ziwani, Afande. Tunalifuta, tunaliandika namba kwa wino, kisha Mzee Hashiru wa maabara analizungushia gazeti lililochovywa majini. Gazeti likikauka linalibana jiwe, halipasuki njiani."

"Kila jiwe?"

"Kila jiwe. Niliwasumbua wenzangu hata wakaniita mwalimu wa zamu."

"Na wino haufutiki kwa maji ya gazeti?"

Bi Stellamaris alitangulia kujibu. Alitoa kichupa mfukoni na kukigonga juu ya meza. "Hiki kilikutwa kabatini mwake. Rangi ya kucha! Katika shule hii!"

"Ile isiyo na rangi, madamu," alisema Firdausi. "Inang'aa tu."

"Rangi isiyo na rangi! Unasikia, Mkaguzi?"

"Nasikia. Endelea, binti."

"Niliipaka juu ya namba. Ikikauka, maji hayaupati wino. Jiwe la kumi na nane nililipaka mara mbili kwa sababu lilikuwa kubwa. Nikamwachia Mzee Hashiru alifunge rangi ikikauka, mimi nikaenda kuhesabu wenzangu."

"Jiwe hili lina namba?"

"Halina. Nimelisema hilo tangu Ijumaa. Hakuna anayenisikiliza."

"Sasa unasikilizwa. Nipe daftari lako la safari."

Daftari lilikuwa safi, lenye tarehe, saa na michoro. Mkaguzi alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti: "'Saa tatu na nusu. Jiwe la kwanza kuvunjwa kwa nyundo. Lilikuwa ukingoni mwa maji. Mviringo, limelainika sana upande wa juu, upande wa chini lina mikwaruzo. Ndani tupu.'" Aliinua macho. "Lilikuwa peke yake?"

"Yalikuwa kadhaa, Afande, yamekaa kwa mstari. Nilivunja hilo moja. Sikuona kitu, nikayaacha mengine."

"Mawe ya ziwani hayajipangi kwa mstari," alisema Mkaguzi, akalifunga daftari. "Wala maji hayalainishi jiwe upande mmoja."

Hashiru, fundi wa maabara, alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Uliyafunga mawe yote kumi na manane wewe mwenyewe?"

"Niliyafunga, Afande."

"Kwa gazeti lililoloweshwa?"

"Yote. Kama alivyoelekeza mtoto."

"Hata la mwisho?"

"Hata la mwisho." Alivua miwani, akaifuta. "Afande, mimi si wa kumsema mtu, lakini Jumatano ile alikuja bwana mmoja wa kiwanda cha Zegereni. Anaitwa Didas. Aliomba kuonyeshwa mawe. Firdausi alimfungulia stoo, wakakaa humo hata nusu saa."

"Unaona!" alisema Bi Stellamaris. "Hashiru ana miaka ishirini na miwili katika shule hii. Hajapoteza hata kijiti cha kiberiti."

"Ndiyo maana nitamwazima," alisema Mkaguzi. "Chukua kofia yako ya jua, Mzee Hashiru. Utatuonyesha njia ya Mkengeni, na Zegereni tutapita."

Walipokuwa wakivuka uwanja, Mkaguzi alisimama kuzitazama njia za shule. Kingo zake zilipambwa kwa matofali yaliyosimamishwa mshazari.

"Hamtumii mawe?" alimwuliza mkuu wa shule.

"Mawe tuyapate wapi, Mkaguzi? Sehemu hii yote ni mchanga."

"Mchanga wa rangi gani?"

Bi Stellamaris alimtazama kama mtu anayefanyiwa mzaha. "Mwekundu. Kwani huuoni?"

"Nauona," alisema Mkaguzi Mwamini, akaingia garini na lile jiwe la uongo mapajani.

*

Koplo Dotto alikuwa ameendesha gari la polisi kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunyamaza kwa zaidi ya kilometa tano.

"Afande, kwa hiyo tumeacha wezi wa pikipiki, tunatafuta pweza?"

"Tazama barabara, Dotto."

"Naitazama. Nasema tu, pweza aliyekufa zamani hivyo, mashahidi wake tutawapata wapi?"

Hashiru, aliyeketi nyuma, hakucheka.

Zegereni walifika saa tatu na robo. Kiwanda kilikuwa cha kutengeneza chokaa. Vumbi jeupe lilikuwa limetanda juu ya paa, juu ya miti na juu ya nyusi za Didas, msimamizi wa malighafi, aliyewapokea getini huku akijikung'uta. Koplo Dotto aliitazama chokaa, akalitazama jiwe, akamtazama mkubwa wake kwa macho ya ushindi. Mkaguzi alitikisa kichwa kidogo.

"Ulikwenda Vigongoni Jumatano," alisema.

"Nilikwenda, mama. Sikatai. Natafuta mahali penye mawe ya chokaa karibu na reli. Nilisikia wasichana wa shule wamerudi na mawe kutoka Magindu, nikasema niyaone. Kuna kosa?"

"Ulionyeshwa mangapi?"

"Matatu madogo. Yule binti ni mkali kuliko mkaguzi wa kodi! Nilitaka kulifungua lile kubwa, akanizuia mkono. Akasema gazeti likichanika, jiwe litapasuka na yeye atapasuka nalo."

"Kwa hiyo hukulifungua."

"Nililipapasa tu kwa nje."

"Gazeti lilikuwaje?"

Didas alifikiri. "Gazeti ni gazeti, mama."

"Na magazeti ya yale matatu madogo yalikuwaje?"

"Aa, hayo yalikuwa makavu, magumu, kama udongo uliokauka. Nilipoyafungua yalivunjika-vunjika." Akazipangusa nyusi. "Lile kubwa lilikuwa laini. Lilibonyea kama mkate wa dukani."

"Utayarudia maneno hayo kwa maandishi?"

"Hata kwa kiapo."

Mkaguzi aliandika, Didas akatia saini, na chini ya saini akaacha alama nyeupe ya kidole gumba.

Garini Koplo Dotto alishindwa kuvumilia. "Afande, mtu amejaa chokaa kichwa hadi kiatu, na jiwe letu lina chokaa, nasi tunamuaga na kuondoka?"

"Chokaa ya Didas ni vumbi. Huanguka juu ya kitu chote. Hii yetu imepakwa kwa brashi, na imeishia kwenye mstari mmoja, kama ukuta unavyoishia ardhini. Jiwe hili lilikuwa limezikwa nusu, Dotto. Nusu ya juu ilipakwa chokaa, nusu ya chini ilikuwa ndani ya udongo mweusi. Na Jumatano, kabla Didas hajaligusa, tayari lilikuwa limefungwa kwa gazeti kavu."

"Kwa hiyo lilibadilishwa kabla ya Jumatano."

"Mapema zaidi. Kisarawe hakuna udongo mweusi. Mzee Hashiru, gari la safari mliliegesha wapi siku ile?"

Sauti ilitoka nyuma. "Shule ya msingi ya kijiji, Afande. Ziwani hakuna njia ya lori."

"Basi twende tuisalimie shule hiyo."

*

Baada ya Mlandizi waliiacha lami, wakapita mashamba ya Gwata, na tangu hapo ardhi ilianza kubadilika: mchanga ulififia, ukaja udongo mweusi wa mbuga, uliopasuka hapa na kunata pale. Saa tano kasoro dakika kumi waliingia katika uwanja wa shule ya msingi. Madarasani watoto walikuwa wakiimba jedwali la saba. Kutoka barabarani hadi mlingoti wa bendera ilikwenda njia moja iliyonyooka, na kando zake zote mbili zilipangwa mawe ya kijivu yaliyopakwa chokaa nusu ya juu.

Mkaguzi Mwamini aliteremka na jiwe lake. Alitembea polepole upande wa kushoto, akihesabu kwa midomo. Kati ya jiwe la kumi na moja na lililofuata palikuwa na shimo lililojaa maji ya mvua.

Aliinama, akalitia jiwe shimoni, akalizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Liliingia. Ule mstari uliolizunguka ulilingana na ardhi pande zote, kama kifuniko na chungu chake.

Koplo Dotto alipiga mluzi.

"Mzee Hashiru," alisema Mkaguzi bila kugeuka, "Firdausi hakuwa na ufunguo wa njia hii."

Hashiru aliketi chini palepale, juu ya nyasi zenye maji.

"Sikuiba, Afande. Wallahi sikuiba."

"Simama uniambie ulichofanya. Mtu mzima haketi kwenye tope mbele ya madarasa."

Alisimama. Maneno yalimtoka kwa vipande. Msichana alikuwa amemwachia amonaiti ili rangi ikauke. Alimweka ukingoni mwa maji, mahali penye jua. Wakati huohuo lori likazama kwenye tope, dereva akaita wanaume wa kusukuma.

"Na mwanamume nilikuwa mimi peke yangu. Nilidhani ni dakika mbili. Ikawa saa nzima. Niliporudi, halipo."

"Kwa nini hukusema?"

"Asubuhi ile niliwakusanya wasichana, Afande, nikawatisha mbele ya mwalimu wao. Nikasema atakayeacha jiwe bila mtu wa kulitazama, nitamfikisha kwa mkuu wa shule mwenyewe. Sasa nikasimame mbele ya hao hao niseme nimeacha mimi?" Alifuta uso kwa kofia. "Wao walikuwa wakila. Nikaja hapa, nikang'oa hili, nikalisugua, nikalifunga upesi. Sikuwa na nafasi ya kulowesha gazeti. Nilijua litafunguliwa Dar es Salaam. Nikasema, likikosekana, litakuwa limekosekania huko."

"Likakosekania mikononi mwa mtoto wa watu. Na leo asubuhi, uliponitajia Didas, ulikuwa ukiufunga uongo wako kwa gazeti la pili."

Hashiru hakuinua macho.

"Sasa nipeleke uliposimama siku ile. Si karibu na hapo. Hapo hapo."

*

Ziwa Mkengeni halikuwa kubwa. Mtu mwenye mapafu mazuri angeweza kumwita mwenzake ng'ambo. Upande wa mashariki kulikuwa na genge la mawe ya matabaka, na huko ndiko wasichana walikochimbua visukuku vyao. Lakini Hashiru hakuwapeleka gengeni. Aliwapeleka chini, kwenye ukingo tambarare, ambapo vijiti saba vilikuwa vimesimikwa kwa mstari ndani ya maji ya magoti. Kila kijiti kilifungiwa kamba, na kila kamba ilishuka kwenye kiroba kilichozama.

"Hapa," alisema Hashiru.

Ilikuwa mbele ya kijiti cha nne. Kwenye majani palikuwa na vipande viwili vya jiwe lililovunjwa kwa nyundo. Mkaguzi aliviunganisha. Upande wa juu ulikuwa laini kama kiganja, upande wa chini ulikuwa na mikwaruzo.

"Jiwe la kwanza la Firdausi," alisema. "Dotto, wewe umekulia wapi?"

"Maneromango, Afande."

"Mama yako alikuwa akiloweka mihogo?"

"Kila wiki. Siku tatu majini, mpaka ilainike." Alitazama viroba. "Naam, hii ni mihogo!"

"Ikianza kuchacha, kiroba hufanya nini?"

"Huelea. Ndiyo maana huwekewa..." Alikoma. Alitazama vipande viwili mikononi mwa mkubwa wake, kisha akakitazama kiroba cha nne, kilichokuwa kimetulia chini ya maji kama vingine sita. "Afande! Hicho kimekandamizwa na nini?"

Alikuwa tayari anavua viatu. Mkaguzi alimzuia kwa mkono.

"Vaa viatu vyako. Mihogo ya mtu haiguswi mwenyewe hayupo. Nenda kijijini, uliza kwa adabu mwenye kijiti cha nne."

Mwenye kijiti cha nne alifika baada ya robo saa, mbele ya Koplo Dotto, si nyuma yake. Alikuwa bibi mwembamba, mwenye kanga mbili na ungo kichwani, na aliwatazama wote watatu kama watu waliochelewa.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mkaguzi Mwamini.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mwanajuma. Huyu askari wako amenikuta nakoroga bada ya muhogo, na bada haingoji serikali. Semeni."

"Tumekuja kuuliza habari ya jiwe lako, Bibi."

"Lipi? La zamani au la sasa?"

"Yote mawili."

"La zamani lilivunjwa na watoto wa shule, wale waliokuja na nyundo. Jiwe la mama yangu lile. Nilikuwa kule juu kwenye kunde, nikasikia ko! ko! ko! Nikasema, hawa watoto wanatwanga nini? Nilipokuja kutazama, nikalikuta limepasuka. Nikaudhika kweli kweli." Alitua ungo. "Lakini mbele ya kijiti changu palikuwa na jiwe jingine. Limeoshwa, limepanguswa, limewekwa vizuri. Basi moyo ukapoa. Nikasema, watoto hawa wamefundwa kwao."

Koplo Dotto alifunika mdomo kwa kofia.

"Kwa nini wamefundwa, Bibi?" aliuliza Mkaguzi, ingawa kalamu yake ilikuwa imekwisha kuanza kuandika.

"Wewe hujui? Hapa ukimvunjia mwenzio jiwe la mihogo, unamwekea jingine palepale penye kijiti chake, tena lizidi la kwanza. Hamsemeshani, hamgombani. Ng'ombe wakishuka kunywa na kutawanya mawe, mchungaji hufanya hivyo hivyo. Hakuna kesi."

Hashiru alikuwa amefumba macho. Kati ya vijiti saba vya ufukwe mzima, alikuwa ameliweka jiwe lake mahali pekee palipokuwa na deni la jiwe.

"Na hilo la sasa, Bibi, unalionaje?"

"Eee, mwanangu, hilo usinigusie! Hilo ni jiwe la heri. Lile la mama lilikuwa likibiringika. Hili lina mikunjo, limekishika kiroba kama mkono wa mtu. Hii ni mihogo ya tatu tangu nilipate."

"Bibi, jiwe hilo watoto walikuwa wamelianika. Wala hawakujua kuwa wamekuvunjia lako. Sasa kuna msichana anafukuzwa shule leo saa tisa, kwa kuwa halionekani."

Bi Mwanajuma alikitazama kijiti chake. "Ndiye aliyevunja la mama?"

"Ndiye."

"Hm." Alipandisha kanga, akaingia majini mwenyewe. "Lakini hamchukui bure. Tafuteni jingine. Na lizidi."

Ukawa ubishi wa mawe. Koplo Dotto alileta la kwanza. Bi Mwanajuma alilisukuma kwa kidole cha mguu na kusema hilo ni la kuponda pilipili. Akaleta la pili.

"Hili lina ncha. Unataka kunitobolea kiroba, baba?"

Mkaguzi alimtazama Hashiru. Hashiru hakuhitaji kuambiwa. Alipanda hadi gengeni, akatoweka, na baada ya dakika kumi akarudi akiwa amekumbatia bonge pana la kijivu, kofia imepinda, jasho limemlowesha mpaka mshipi. Alilitua mbele ya kijiti cha nne. Bi Mwanajuma alilizunguka, akalipiga kofi.

"Hili ni jiwe," alisema.

Ndipo alipoinama, akatia mikono chini ya maji, na kuinua.

Maji yalitiririka kwenye mikunjo, mzunguko ndani ya mzunguko, mpaka kwenye kitovu kilichokuwa kidogo kama kifungo. Hakukuwa na ufa. Mkaguzi Mwamini alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akafuta utelezi wa mihogo kwa leso yake. Chini ya kiduara kilichong'aa kama kioo, wino ulikuwa mweusi kama siku ulipoandikwa: Z.M. 18.

"Siku tisa majini," alisema Koplo Dotto polepole.

"Mara mbili alipaka," alisema Mkaguzi. "Andika saa."

"Saa sita kasoro dakika tano, Afande."

"Washa gari."

"Mwambieni huyo msichana," alisema Bi Mwanajuma nyuma yao, "jiwe nimelitoa, lakini salamu zangu bado sijazipata!"

*

Wajumbe watano wa bodi walikuwa wamekwisha kuketi. Firdausi alisimama mbele yao, na sanduku lake la bati lilikuwa mlangoni, tayari limefungwa. Wasichana wa chama cha jiografia walikuwa wamejazana nje ya madirisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika sita mlango ulipofunguliwa bila kubishwa.

"Mkaguzi," alisema Bi Stellamaris, "tumekwisha kuanza."

"Basi mtaanza upya. Mzee Hashiru ana maneno."

Hashiru alivua kofia. Safari hii hakutafuta pa kuketi. Aliyasema yote, tangu tope la lori hadi njia ya chokaa, na wala hakulia. Alipomaliza alimgeukia Firdausi. "Binti yangu, niliwatisha nyinyi kwa kosa nililolifanya mimi. Nisamehe." Kisha akamgeukia mkuu wa shule. "Na adhabu naisubiri, madamu."

Koplo Dotto aliingia na ndoo ya plastiki, akaitua juu ya meza ya bodi. Mkaguzi Mwamini alimtoa amonaiti kutoka ndani ya majani mabichi, akamweka juu ya kitambaa cha meza, katikati ya mafaili. Pakatokea doa la maji, likapanuka, na hakuna mjumbe aliyeondoa karatasi zake.

"Binti," alisema, "isomee bodi namba iliyo chini."

Firdausi aliligeuza jiwe kwa tahadhari, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Sauti yake ilianza chini, ikapanda.

"Ziwa Mkengeni. Kumi na nane."

Madirisha yalilipuka kwa vigelegele. Mtu fulani nje akaanza kupiga sahani. Mwenyekiti wa bodi alifungua mdomo ili akemee, akaufunga, na kuonekana akitabasamu kwenye ajenda yake.

"Imewezaje kubaki?" aliuliza mmoja wa wajumbe. "Wino, siku tisa ziwani?"

Bi Stellamaris alivuta mtoto wa meza, akatoa kile kichupa. Alikishika kwa muda, akakitazama kinyume cha mwanga, kisha akakiweka kando ya amonaiti, mbele ya Firdausi.

"Chombo cha maabara," alimwambia karani wa bodi. "Kiandike hivyo. Na sanduku lile lirudishwe bwenini."

Firdausi hakukichukua mara moja. Mkaguzi alikuwa ameinama kumnong'oneza maneno machache, na uso wa msichana ulikuwa umebadilika, macho yameelekea kwenye daftari la safari lililokuwa mezani, ukurasa wake wa kwanza ukiwa wazi.

"Madamu," alisema, "naomba ruhusa Jumamosi."

"Wiki tatu kabla ya mtihani? Ya kwenda wapi?"

"Mkengeni. Nilivunja jiwe la mtu, sikumsalimu."

Bi Stellamaris alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama Mkaguzi Mwamini, aliyekuwa akikaza vifungo vya koti lake, tayari kuondoka. Ruhusa hiyo ilitolewa bila kupigiwa kura.